Breki za Clavery Mbele ya Kikao cha Ukweni

Clavery Byarugaba alikuwa dereva wa salamu. Akitoka Songambele na pikapu yake ya ndizi, alisimama kwa kila aliyemwona: shikamoo, habari za nyumbani, poleni na kazi, mpaka ndizi zinaanza kuivia garini. Watu walimpenda kwelikweli, na breki ndizo zilizoumia.

Sasa ona balaa. Juzijuzi, kwenye mteremko wa Igurwa, alimwona mama mkwe wake, Immaculata, kasimama pembeni na kanga yake ya kanisani. Akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Akarudisha gia, ikagoma. Akampita mama wa watu kwa honi na vumbi, akaja kusimama katikati ya migomba ya jirani.

Jamani, kumpita mama mkwe bila shikamoo, tena kwa honi! Mackrine, mke wa Clavery, akaitwa kwao, na ukoo ukasema harudi kwa mumewe mpaka ijulikane kama ile haikuwa dharau.

Clavery akaomba kikao. Gari likavutwa kwa kamba hadi uani kwa wakwe, fundi Nshimiyimana akapiga jeki, akatoa gurudumu, wazee wakavaa miwani na kuchuchumaa. Clavery aliomba kimoyomoyo kila kitu kiwe kibovu. Fundi aliposema pedi zimelika hadi chuma, akamshukuru Mungu. Diski ilipoonekana imechimbika mifereji, akawapa mashemeji mkono. Ulipofikiwa mpira wa mafuta ya breki, umepasuka na kufungwa kwa kipande cha ndala, nusura acheze. Wazee wakapitisha vidole, wakanong'onezana kwa Kinyambo, wakakubali kwamba hapo hakuna dharau, ni ubovu mtupu. Lubisi, pombe ya ndizi, ikaanza kumiminwa.

"Si mmeona wenyewe?" alisema Clavery, kifua mbele. "Tangu Pasaka nasimama kwa gia na rehema za Mungu."

Immaculata akasogea akaliinamia lile gurudumu.

"Tangu Pasaka," alisema. "Na kila Jumapili umempakia humo mwanangu, na mjukuu wangu mapajani."

Clavery akaweka chini kikombe chake cha lubisi.

"Mkwe wangu, dharau ningekusamehe."

Mackrine, aliyekwisha kutoka mlangoni na begi lake, akageuka akalirudisha ndani.