Pete za Msaidié

Kaka yangu Msaidié, fundi magari wa Mahajanga, ni mkaidi kama msumari wenye kutu. Mwaka 1963, Hamada mwenye teksi alimtaka amfungie kabureta kubwa ili gari likimbie zaidi. Msaidié akakataa katakata. Injini ilikuwa inakula oili, na ringi za pistoni, ambazo yeye huziita pete, zilikuwa zimelika.

"Kwanza tubadilishe zilizochakaa," alimwambia. "Mbio baadaye."

Mahajanga hazikupatikana, akaniandikia huku Nosy Be: "Kouraichia, nitafutie pete upesi. Nimeshaamua, sirudi nyuma."

Mtu ana miaka arobaini na mitano, hajaoa. Mimi ningeelewa nini? Nililia kwa furaha, nikamtumia pete ya marehemu mama.

Akajibu kwa hasira, kachora pistoni karatasi nzima. Nikazunguka gereji zote mpaka nikapata seti kamili. Akazifunga, kisha ile kabureta. Teksi ikawa inapanda vilima bila moshi.

Pete ya mama alitaka kuirudisha. Nikamwandikia: "Kaa nayo. Nawe umechakaa, kaka, na mimi pia sirudi nyuma."