Bei Iliyotajwa Chini ya Shali

Siku Korane alipozinduka hospitalini baada ya kupigwa na kiharusi, mkewe Qali alikuwa ameketi kando ya kitanda na tasbihi mkononi. Aliona kope zikichezacheza, akaruka, akamwinamia na kumwita kwa Kisomali jina lake, la baba yake na la babu yake. Mume akamtazama usoni, akafungua mdomo uliokwenda upande, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mama, naomba maji."

Mama! Qali alidhani amesikia vibaya. Miaka thelathini na minane ya ndoa, watoto sita walio hai na wawili waliozikwa, na mtu huyu hajawahi kumsemesha Kiswahili hata siku moja. Kiswahili kwa Korane kilikuwa cha sokoni. Alikivaa asubuhi pamoja na viatu, jioni akakivua mlangoni, na mtoto aliyethubutu kukileta mbele ya sinia ya chakula alifokewa mpaka akajuta. Qali mwenyewe alizaliwa Diff, mpakani kule, akaletwa Galbet, mtaa wa Garissa, akiwa bibi harusi, na Kiswahili chake hakikujaza kiganja: habari, bei gani, hapana, biashara, maji, toka. Basi alimpa yale maji. Mtu humwita "mama" mwanamke asiyemjua.

Ngoja kwanza umjue Korane. Alikuwa dalali katika soko la mifugo la Garissa, na si dalali wa kubahatisha. Pale madalali hawapigi kelele za bei. Muuzaji na mnunuzi hupeana mkono wa kulia, shali ikatupwa juu ya mikono, na bei ikasemwa humo ndani kwa vidole: kidole kimoja kikibanwa ni moja, kiganja kizima ni tano, kiganja mara mbili ni kumi. Ukiuachia mkono wa mwenzako, umekataa. Ujanja huo Korane alimfundisha mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa, maana mama mkwe alilala chumba cha pili na masikio yake, Mungu amrehemu, yalisikia hata sukari ikikorogwa. Akitaka kusafiri, alimtajia Qali idadi ya siku chini ya shali, Qali akagoma, akazipunguza, kumi zikawa saba, saba zikawa sita. Hakuna aliyejua maharusi wale walikuwa wakichekelea nini.

Sasa mkono ule wa kulia ulikuwa umelala juu ya godoro kama kitu cha mtu mwingine. Na Kisomali hakikurudi. Wiki ya kwanza watu walisema kitarudi. Wiki ya tatu wakaacha kusema, na mgonjwa akarudishwa nyumbani. Watoto walikuja kutoka Nairobi na Masalani, wakalia, wakamtafsiria mama yao kwamba baba anataka chai, baba anataka ageuzwe, kisha kila mmoja akarudi kazini kwake. Hebu fikiria aibu hiyo, kutafsiriwa mume wako na mtoto uliyemzaa!

Shemeji yake Abdirizak, mdogo wake Korane, yeye hakuwa na shaka. "Ni jini," alisema. "Jini la Kiswahili. Limemwingia sokoni kwa wale wanunuzi wa mbali." Akamleta Sheikh Mursal, ambaye alisoma na kusoma, akampulizia maji usoni, halafu kwa Kiswahili chake cha kukwaruza akamwamuru jini ajitaje.

"Mimi ni Korane wa Abdow, dalali," akajibu mgonjwa. "Na wewe ni nani unayenilowesha?"

"Subhanallah!" Sheikh akarudi nyuma. "Jini mjanja huyu. Ametwaa hata jina la mwenye mwili."

Ungecheka, lakini Qali hakucheka. Alitaka kitu kimoja tu, na hakumwambia mtu: alitaka kujua kama yule aliyelala pale bado anamjua yeye ni nani. Kama anamjua, atambeba mgongoni mpaka siku ya mwisho. Kama hamjui, basi anamwosha mgeni, anamlisha mgeni, na mumewe ameshakufa bila matanga. Alimwosha asubuhi na jioni akimchunguza macho. Naye alisema "asante, mama." Kila mara, "asante, mama."

Mwezi wa pili ulipoisha, dada yake Ebla alikuja kumsaidia kufua mashuka. Wote wawili walikuwa mle mle chumbani, Korane amelala chali, macho darini. Qali alikuwa hajalala vizuri kwa siku nne. Akabwaga beseni chini, akasema kwa Kisomali, waziwazi, kama watu wanavyosema mbele ya mtoto mchanga, "Ebla, walaal, bora Mungu angemchukua siku ile ile. Huyu si mume wangu. Nimechoka na maiti inayokula."

Ebla akasema astaghfirullah, wakaendelea kufua.

Siku chache baadaye akaja Sadiyo, binti wa jirani yao Ruqiya. Msichana huyu yuko chuo kikuu Nairobi, anasomea lugha na saikolojia, na utafiti wake ni wa watu wa lugha mbili waliopoteza mojawapo baada ya kiharusi. Alikuja na bahasha ya picha na kinasa sauti, akasalimia kwa adabu zote, adeer huku, eeddo kule, yaani ami na shangazi, akaketi mkekani. Abdirizak naye akaja kuhakikisha hakuna upuuzi, akaegemea mlango amekunja mikono.

Sadiyo akaonyesha picha moja moja. Kwa Kiswahili, Korane alizitaja zote bila kusita: ndoo, ufunguo, kisu, ngamia. Kisha akamwomba azitaje kwa Kisomali. Ndoo, kimya. Ufunguo, kimya. Ikaja picha ya ngamia, na mtu yule, ambaye alijua ngamia kabla hajajua kuvaa suruali, akakodoa macho, midomo ikatafuta, shingo ikatoka mishipa, na neno halikuja. Chozi likamteremka shavuni. Qali hakuweza kutazama.

"Si nilisema?" Abdirizak akanong'ona. "Msomali gani huyo?"

"Bado, adeer," Sadiyo akasema. "Hayo ni ya kusema. Sasa ni ya kusikia."

Akapanga picha sita kifuani pa mgonjwa, juu ya shuka. Halafu kwa Kisomali, kwa sauti ya kawaida tu, akamwambia aguse kisu. Mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukagusa kisu. Akamwambia aguse ufunguo, kisha ndoo. Akagusa ufunguo, kisha ndoo. Akampa maneno marefu, ya kuzungushazungusha, mtego kabisa: aguse kile ambacho msichana hutekea maji kisimani kabla mifugo haijafika. Kidole kikaenda kwenye ndoo papo hapo. Picha arobaini zilipita hivyo, na hakukosa hata moja.

Abdirizak alikunjua mikono yake. Mdomo ulikuwa wazi.

"Anaelewa?" Qali akauliza.

"Kila kitu, eeddo. Kusikia lugha na kuisema ni milango miwili. Kwake mmoja umefungwa, wa pili uko wazi. Wapo wengine namna hii, ndio tunaochunguza. Kisomali hakijapotea, kimekosa pa kutokea."

"Tangu lini?"

Sadiyo akamgeukia Korane, akamuuliza kwa Kiswahili, akajibiwa, akatafsiri. "Anasema tangu siku ya kwanza."

"Na mbona hakusema?"

"Anasema hakuna aliyemuuliza."

Ya Rabbi! Abdirizak, aliyekuwa amejadili mbele ya kitanda kile mahali pa kumzika kakake, alitoka nje bila viatu. Lakini Qali atoke aende wapi? Maneno yake yalikuwa mle chumbani, na mtu aliyeyasikia alikuwa akimtazama. Maiti inayokula. Aliyasema, naye akasikia, na jioni ile ile akamwambia asante.

Akapiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kuomba msamaha, akaomba, kwa Kisomali, maneno yakigongana. Korane akajibu kitu kirefu. Sadiyo akavuta pumzi ili atafsiri.

"Usinitafsirie!" Qali akamkatiza. "Haya si ya kupita kwa mtoto wa watu."

Hapo ndipo alipovua shali begani mwake, akaitandaza juu ya kitanda, akaingiza mkono. Korane akaiangalia shali. Akauangalia mkono wake wa kulia uliokufa. Wa kushoto aliuvuta nyuma kwa haya, maana wa kushoto humpi mtu, sembuse mke. Qali akaufuata, akaushika, akauingiza chini ya shali mwenyewe.

Kisha kiganja cha Qali kikabanwa chote, kikaachwa kidogo, kikabanwa tena.

Kumi.

Qali akashtuka mpaka moyoni. Kilikuwa kibano kile kile, na dole gumba likisugua mwishoni, mchezo wa Korane na si wa mtu mwingine duniani. Anamjua! Wallahi anamjua! Na bila kufikiri, kwa mazoea ya ubibi harusi wake, akapunguza: akambana vidole vitatu. Korane akatikisa kichwa, akambana nane. Qali akampa vinne. Mzee akaomba saba. Qali, machozi yanamtiririka na kicheko kinamtoka, akashikilia vinne vyake kama zamani, kama wakati mama mkwe akiwa chumba cha pili.

"Eeddo," Sadiyo akauliza taratibu, "mnasemezana nini?"

"Siku," Qali akasema. "Sisi husema siku. Sijui anataka kwenda wapi huyu."

Sadiyo akamuuliza Korane. Korane akajibu maneno machache, bila kuondoa macho kwa mkewe. Msichana akaangalia bahasha yake.

"Sema," Qali akamwamuru. "Hili tafsiri."

"Anasema si siku, eeddo. Ni miaka. Anaomba umvumilie miaka kumi. Anasema unampa minne."

Kicheko kikakatika. Qali akabaki vile vile, mkono chini ya shali, ametajiwa bei ya uhai wa mumewe na yeye akaipunguza akicheka. Alisikia baridi mgongoni, Garissa, saa nane ya mchana.

Halafu akaushika ule mkono wa kushoto vizuri. Akabana kiganja kizima. Akabana tena, ikawa kumi aliyoomba. Akabana mara ya tatu. Akabana mara ya nne, kwa nguvu, mpaka mifupa ya mzee ikalia.

Korane akatoa macho. Katika miaka yake yote sokoni hajawahi kuona mnunuzi akipandisha bei juu ya ile aliyotajiwa. Midomo yake ikahangaika, akasema, "Umeharibu biashara, mama."

Sadiyo akafungua mdomo, lakini Qali akamzuia kwa mkono ulio huru. Hilo alilielewa mwenyewe. Mkono wa pili ulibaki chini ya shali, na hakuna aliyemwachia mwenzake.