Hodi Tatu za Koplo

Kila Jumamosi asubuhi askari wa boma la Kisarawe walisugua bunduki zao mpaka mitutu ikang'aa kama sahani za harusi. Niliwatazama mara nyingi wakati wa likizo, nilipotoka kwetu Mbwawa kwenda kumsalimu mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa fundi cherehani karibu na soko. Walisimama mstari, wakapiga miguu chini, wakazipandisha bunduki begani na kuzishusha, na Mzungu wao akapita mbele yao akitazama vifungo. Kifungo kilichofifia kilikuwa kosa. Kaptura isiyopigwa pasi ilikuwa kosa kubwa zaidi. Katika Jumamosi zote hizo sikumsikia akimwuliza hata mmoja wao kama anajua namna ya kumkamata mtu asiyetaka kukamatwa.

Nilikuwa nasoma chuo huko Uganda, na mama alizoea kusema kwamba kila likizo narudi na nguo chache na maswali mengi. Mjomba yeye hakujali maswali yangu. Aliyaacha yapite kichwani pake huku akizungusha gurudumu la cherehani yake.

Cherehani hiyo nilikua nikiisikia. Ilikuwa ya mkono, nyeusi, aliyoinunua imetumika kwa Mhindi mmoja Dar es Salaam, na siku ya kuileta ilidondoka kutoka kwenye lori katika mlima wa Pugu. Tangu siku hiyo ilikuwa na kikohozi. Ilishona vizuri, taka-taka-taka, kisha ikakwama kidogo, ikakohoa, ikaruka mshono mmoja, ikaendelea. Mjomba alishaizoea. Kila iliporuka alirudi na sindano ya mkono akapaziba pale palipokosekana, taratibu, hata kama mteja amesimama mlangoni. Kwa hiyo kanzu yake uliijua ukiigeuza pindo: mshono wa cherehani, halafu kidoti cha mkono, halafu cherehani tena. Na yeye mwenyewe hakuna aliyemwita kwa jina. Mji mzima ulimwita Fundi.

Iliibwa siku ya Ijumaa, adhuhuri, wanaume tukiwa msikitini. Nyumbani alibaki mkazamjomba peke yake. Aliingia mtu aliyemfahamu vizuri, mwuza mkaa wa Vihingo, ambaye mjomba alikuwa akimtilia viraka suruali zake. Alikuwa na gobore, lile la kushindilia baruti ambalo watu wa mashamba hulitumia kwa nguruwe. Hakupiga kelele. Alimwambia mkazamjomba, "Dada, kaa hapo hapo chini, usinitie katika dhambi." Akaifunga cherehani nyuma ya baiskeli kwa kamba yake ya mkaa, akaondoka. Tuliporudi tulimkuta bado amekaa pale pale chini, mbele ya meza tupu.

Mjomba alipitisha kiganja juu ya meza, kama mtu anayefuta vumbi, kisha akaniambia, "Twende boma, mpwa wangu. Leo tuone faida ya zile bunduki."

Bomani tulimkuta koplo, mtu mzima wa mwambao, mnene, msafi, mwenye adabu nyingi. Alitusalimu, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, akauliza tena habari za nyumbani. Ndipo akashika kalamu.

"Cherehani yenyewe ilikuwa na rangi gani, Fundi?"

"Nyeusi."

"Lakini cherehani zote ni nyeusi."

"Ndiyo. Na yangu ni mojawapo."

Koplo akaandika. Mjomba akamtajia mwizi, jina lake, la baba yake, na mwembe ulio jirani na nyumba yake. Hakukuwa na kitu cha kupeleleza. Kilichotakiwa ni kwenda kumshika. Koplo aliiweka kalamu chini kana kwamba imekuwa nzito ghafla.

"Ana gobore, ulisema?"

"Mke wangu kaliona."

"Limejaa, au tupu?"

"Hakuliuliza," mjomba akajibu.

Tukaambiwa turudi kesho, kwa sababu Ijumaa ilikuwa imekwisha kuwa fupi. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya paredi. Tulikaa kando ya uwanja tukitazama bunduki zinapanda na kushuka, nami nikahesabu kwamba silaha zilizokuwa pale zingetosha kuwatoa wezi wote wa Uzaramo. Paredi ilipokwisha Mzungu akapanda gari lake kwenda Dar es Salaam, na koplo akatujia na konstebo mmoja kijana, Mnyamwezi mrefu, mwembamba kama mlingoti. Kila mmoja wao alikuwa na bunduki yake. Koplo alikuwa na pingu. Viatu vyao walikuwa wamevifunga kwa kamba na kuvitundika shingoni, kwa maana njia ya Vihingo ina vumbi na viatu vilikwisha kupigwa rangi.

Mjomba alipendekeza tuwachukue jirani wawili wenye magobore yao. Koplo akakataa kwa upole.

"Silaha ni kazi ya serikali, Fundi. Wakija na magobore itabidi niwashike wao kwanza."

Njiani konstebo na mjomba walitaniana, maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani haungoji msiba wala wizi.

"Mzaramo," konstebo alisema, "cherehani yako mimi nitairudisha, lakini usiku utanishonea kanzu ya bure na ya babu yangu."

"Babu yako alivaa lini kanzu? Babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu kichwani na ngozi ya mbuzi kiunoni."

"Ndiyo sababu anaidai."

Nilimwuliza koplo kama anaweza kunionyesha risasi. Nilikuwa sijapata kuiona kwa karibu.

"Risasi ziko boma," akasema.

"Bunduki ziko hapa na risasi ziko boma?"

"Zimefungiwa. Ufunguo anao Bwana."

"Na Bwana yuko Dar es Salaam."

"Anarudi Jumatatu."

"Sasa hizi bunduki tunazipeleka Vihingo kufanya nini?"

Koplo alinitazama kwa huruma. Akanieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kutawadha, kwamba risasi hutolewa kukiwa na fujo. Watu wakikataa kodi, hizo ni fujo. Watu wakikusanyika bila ruhusa, hizo ni fujo. Hapo Bwana mwenyewe hufungua sanduku na kila askari hupewa zake. Mwizi si fujo. Mwizi ni mtu mmoja.

Sijapata kupewa, chuoni wala kwingineko, somo la utawala lililo wazi kama hilo. Serikali ilikuwa na risasi kwa ajili ya mjomba, siku atakapochelewa kodi. Kwa ajili ya yule aliyemwibia mjomba ilikuwa na mitutu iliyosuguliwa. Nilimwambia koplo hivyo hivyo. Akacheka, akasema wasomi tuna maneno matamu.

Tulifika Vihingo jua likiwa bado juu. Nyumba ilikuwa peke yake, ya udongo na makuti, mlango umefungwa, uani pamezungushiwa ua wa makuti uliozunguka nyuma yote. Tulisimama chini ya ule mwembe ili koplo na konstebo wavae viatu. Ndipo tulipoisikia.

Taka-taka-taka. Kikohozi. Taka-taka-taka.

Mjomba alinishika mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mwanawe akilia katika nyumba ya watu. "Ndiyo," alisema. "Na anaikimbiza mno. Atavunja sindano."

Nilimnong'oneza koplo kwamba mwizi yumo ndani, mikono yake miwili iko kwenye cherehani, gobore halimo mkononi. Asukume mlango tu, na konstebo azunguke nyuma. Hata mtoto angeliona jambo hilo.

"Nyuma ni uani," koplo akasema.

"Najua."

"Uani kuna wanawake. Askari wa serikali aingie uani kwa watu?"

"Basi mlango wa mbele."

"Wa mbele ndio naendea."

Akainyoosha kaptura yake ya khaki, akaiweka sawa kofia, akaenda mpaka hatua chache mbele ya mlango, akasimama wima, na kwa sauti nzuri ya mtu aliyelelewa vyema akaita, "Hodi."

Cherehani ikanyamaza pale pale, katikati ya mshono.

Hakuna aliyejibu. Koplo akasubiri, kama inavyopasa, muda wa mtu kuvaa vizuri. "Hodi," akaita mara ya pili. Ndani kitu kizito kiliburutwa sakafuni. Kuku walitawanyika uani wakipiga makelele. Mjomba alikuwa amefumba macho. Nilitaka kukimbilia nyuma mwenyewe, na konstebo akaninyooshea bunduki yake tupu mbele ya kifua kama kizuizi cha barabara.

"Hodi," koplo akaita mara ya tatu.

Koplo akageuka, akarudi chini ya mwembe, akaketi juu ya mzizi na kuanza kuvua viatu.

"Hakuna watu," alisema.

Nilimwambia kwamba sote tumesikia cherehani. Akakubali kwamba tumeisikia. Nilimwambia kwamba sote tumesikia inanyamaza. Akakubali hilo pia.

"Lakini nimepiga hodi tatu, kijana, na sikukaribishwa. Mwislamu akipiga hodi tatu asijibiwe, hurudi. Wewe umesoma, lakini nani alikufunda?"

"Aliyenifunda hakuniambia mwizi anapigiwa hodi."

"Ndani mna mwizi, na ndani hiyo hiyo mna mke wa mtu. Mwenye mke akinipiga na gobore nikiwa nimeingia bila hodi, nitakufa nikiwa na makosa."

Alisema jambo la gobore kwa sauti ile ile ya adabu, na nikaona jinsi vitu viwili hivi vilivyofungamana ndani yake kama uzi wa juu na uzi wa chini. Wale waliompa kofia, buti, pingu na bunduki walisahau kumpa sababu ya kuuvuka ule mlango. Dini ikampa sababu nzuri ya kutouvuka, naye akaipokea kwa mikono miwili. Sikumheshimu kwa hilo siku ile, na simheshimu leo.

Konstebo alijaribu utani wa kumfariji mjomba. Mjomba hakuujibu, na kwa mtani kutojibiwa ni jambo zito kuliko tusi. Kijana yule alitembea nyuma yetu mpaka Kisarawe.

Jumatatu Mzungu alirudi, ufunguo ukarudi, na hakuna aliyekwenda Vihingo. Koplo alikuwa amempa habari kwamba nyumba ilikutwa haina watu.

Niliporudi likizo iliyofuata, mjomba alikuwa anashona kwa mkono. Mkono hauwezi kushindana na gurudumu. Alibaki na vifungo, viraka na sanda. Wateja wa kanzu walikwenda kwingine, na hawakuficha walikokwenda, kwa sababu kulikuwa na fundi mwingine sasa, mwenye cherehani, bei nafuu. Walimwita Fundi wa Vihingo. Mkazamjomba aliniambia kwamba jambo hilo lilimwuma mumewe kuliko kuibiwa kwenyewe. Nguo wanaweza kuzipeleka wapendako, alisema, lakini lile jina nalo wamelichukua wakalipeleka huko huko. Mjomba alipanga kwenda Dar es Salaam kukaa nyuma ya cherehani ya Mhindi, kwa ujira, katika umri ambao wenziwe walikuwa wanalala mchana.

Siku mbili kabla hajaondoka koplo alipita barazani kwa mjomba akitoka paredi. Alisimama kwenye mwanga akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kaptura yake ilikuwa mpya, imepigwa pasi mpaka makunjo yakawa kama makali ya kisu. Uzi ulikuwa unaning'inia kwenye pindo, na mjomba, ambaye hakuweza kuvumilia uzi unaoning'inia kwenye nguo ya mtu yeyote, alipiga goti, akalishika lile pindo na kuligeuza.

Niliona alichokiona. Mishono imekwenda sawa, kisha pengo. Mishono imekwenda sawa, kisha pengo. Hakuna kidoti cha mkono hata kimoja.

"Nani kakushonea?" mjomba aliuliza bila kuinua kichwa.

"Yule wa Vihingo," koplo akasema. "Sisi wote wa boma tunapeleka kwake. Ana haraka."

"Ulimkuta nyumbani?"

"Nilipiga hodi, akanikaribisha."

Alilisema bila aibu na bila hila. Nilimtazama sana usoni nikiitafuta hila, maana ningeliiheshimu zaidi. Haikuwapo. Siku ya kumkamata hakukaribishwa, siku ya kaptura alikaribishwa, na kila siku kati ya hizo mbili alifanya yaliyompasa mtu mwenye adabu.

Mjomba akauuma uzi kwa meno, akaukata. Kisha, nami hili sikulitazamia, akaichomoa sindano kwenye kola ya kanzu yake, akaitunga, akaanza kuyaziba mapengo yale moja baada ya jingine, yeye amepiga goti na koplo amesimama wima kama yuko paredi.

"Mwambie aitie mafuta," alisema. "Na asiikimbize."

"Nitamwambia," koplo akasema. Akajitazama pindo, akaridhika. "Ahsante, Fundi."

Akaichukua bunduki yake aliyoiegemeza ukutani, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaenda zake.