Mtungi wa Mama na Mvinyo wa Jojia

Alkhamisi, tarehe kumi na tisa Juni. Gharbi, ule upepo wa moto unaotoka jangwani, umevuma tangu alfajiri. Nguo za mwanzo zilikauka sijamaliza kuanika za mwisho, na kitasa cha mlango wa nje hakishikiki bila ya kitambaa.

Leo mtungi wa mama umefukuliwa. Naandika ilivyokuwa, na nikimwonea mdogo wangu popote nitajisahihisha, maana nikishapandwa na hasira sijui kuhukumu, na skuli sikusoma sana.

Mdogo wangu ni mwanamme wa miaka hamsini, mtu wa ofisi ya serikali, anakaa fleti huko mjini, Khuwair ya Kusini. Mimi na mama tunakaa Mabela, pembezoni mwa mji. Mwezi uliopita alikwenda matembezi Jojia, ile nchi ya milimani iliyopakana na Uturuki, siku sita na wenzake wa kazini. Siku sita! Aliporudi alikuwa kishakuwa mhadhiri. Aliingia kwetu na kofia nene ya sufu ya wazee wa kule, jua la Mabela linachoma, jasho linamtiririka masikioni, na akakataa kuivua.

"Dada, sisi hatuna turathi," akaniambia. "Wenzetu wanayo."

Akatueleza jimbo moja liitwalo Kakheti, mizabibu kila upande. Watu wa kule huzikamua zabibu, wakaumimina mvinyo mchanga na maganda yake, kokwa zake, hata vikonyo, ndani ya mitungi ya udongo mikubwa kuliko mtu, iliyofukiwa ardhini mpaka shingoni. Wanaifunika kwa jiwe, wanaziba kwa udongo, wanaiacha baridi yote mpaka majira yabadilike. Baba anamfundisha mtoto, hakuna anayesoma kitabuni. Akanionyesha kwenye simu mzee mmoja aliyeingia mzima mzima ndani ya mtungi kuusugua, na burashi ya maganda ya mti. Haonekani, sauti yake tu inatoka shimoni, anaimba.

Hapo sikudharau. Mvinyo si wetu na hatuuhitaji, lakini yule mzee alikuwa anaijua kazi yake. Nilitaka nimtazame tena, mdogo wangu akaizima simu ili amalize kuhutubia yeye.

Ijumaa yake, chakula cha mchana, akasimama na bilauri ya laban, maziwa ya mtindi, mkononi. Ati kule kila karamu ina mkubwa wa kusema maneno kabla watu hawajanywa. Akawasifu mababu, akaisifu ardhi, akawasifu kina mama wote wa dunia, wali unapoa.

"We, kaa ule," mama akamwambia.

"Mama, bado sijaisifu amani."

"Amani utaipata ukishashiba."

Niseme haki: ameapa kwamba kule hakuonja hata tone, na mimi namwamini. Mtu wa kujisifu, lakini mwongo si mwongo. Alichokitaka ni kutengeneza siki ya zabibu kwa njia ya kule.

"Siki," mama akasema. "Na kabla haijawa siki, inakuwa nini?"

"Hapo katikati, mama, sisi hatutazami."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nimewahi kusikia kwamba mvinyo ukigeuka siki wenyewe hauna neno, lakini sina elimu ya kuamua, nawaachia wenye nayo.

Sasa, kwa kazi hiyo anataka mtungi na anataka ardhi, na kwenye fleti hana hata kimoja. Ardhi akachukua uwani kwangu, chini ya mndimu. Mtungi akachukua wa mama.

Mtungi huo ni wa udongo wa Bahla, mji wa wafinyanzi, wa maji, ulikuwa ukining'inia kwa kamba tatu kivulini karibu na mlango wa jikoni. Mama hanywi maji mengine. Ya friji yanamkata koo, ya chupa yananuka plastiki, ndivyo asemavyo. Ana miaka themanini na zaidi, na daktari alishatuambia wazi: bibi huyu asipokunywa maji ya kutosha joto hili litamwangusha.

"Siku arubaini tu, mama," mdogo wangu akasema.

"Chukua, mwanangu." Hajapata kumkatalia kitu tangu alipomzaa.

Na mimi? Mimi ndiye niliyepanda kiti nikazifungua kamba. Nilijisemea mama atazoea jagi. Na kama nitasema kweli yote, nilitaka mambo yamharibikie mdogo wangu, nilitaka kuuona uso wake siku hiyo. Mama sikumfikiria kama ilivyopasa.

Zabibu alizikanyaga ndani ya beseni langu la kufulia, suruali kaikunja, kofia kichwani, anajipiga picha. Mtungi wenyewe, kulinganisha na ile ya kule, hata paka asingeingia kuimba. Nikamwuliza:

"Ndani hupaki kitu? Mtungi huu unatoka jasho."

"Dada, hawa watu wana maelfu ya miaka katika kazi hii. Wewe una mingapi kwenye mvinyo?"

Nilijitilia shaka, kweli nitajua nini mimi mambo ya mvinyo? Lakini mtungi naujua. Ukiupapasa tumboni mkono unarudi na maji, ndiyo kazi yake, ndivyo unavyopoza. Yeye naye kanywea humo tangu kuzaliwa. Mtu kasafiri kwenda kuheshimu mitungi ya watu, wa mamake hajui unafanya nini!

Haya. Mtungi ukajazwa, ukazibwa, ukafukiwa chini ya mndimu, na mama akaanza kuyakataa maji. Nikimpa jagi anagusisha midomo. "Maji haya yamelala." Dawa anaimeza kwa funda moja. Nikajaribu chai, nikajaribu tikiti, nikamsihi, nikamkemea, Mungu anisamehe. Siku ya tisa, Jumanne, midomo ilikuwa imempasuka, akanitazama akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa Unguja zamani. Nikampigia simu mdogo wangu.

"Ufukue mtungi."

"Hewa ikiingia kazi yote imeharibika, dada."

"Mama hanijui."

Akasema atakuja. Jumatano hakuja. Leo amekuja baada ya Alasiri.

Sisimizi walikuwa wameshatangulia, mstari mzima kutoka ukutani mpaka kwenye mndimu, na udongo pale umelowa. Akachimba. Mtungi ukatoka mzima, lakini mwepesi. Ndani yamebaki maganda yaliyoota ukungu wa kijivu na harufu ya kuchoma pua. Juisi yote imenywewa na ardhi. Akasimama kwenye jua akampigia simu mwenyeji aliyewatembeza kule Jojia, na yule mtu, namsikia, akamwuliza kwa upole juu ya nta. Nta ya nyuki. Mtungi hupashwa moto ukapakwa nta ndani kabla ya kufukiwa, ndiyo maana hauvuji.

"Hukuambiwa?" nikamwuliza.

"Labda tuliambiwa." Akafuta uso. "Wakati wa nta sisi tulikuwa tumeshakwenda kula."

Nilikuwa nimeusubiri uso ule siku kumi na moja. Nikautazama, na haukunipa raha yoyote.

Nikauosha mtungi mara tatu nikampelekea mama kitandani. Akauwekea mkono, akaunusa mdomoni.

"Huu umeshalewa," akasema. "Utoeni."

Ikabidi niuweke nje ya geti. Niliporudi, mdogo wangu alikuwa kakaa sakafuni karibu na kitanda, na ile bilauri ya kila siku, na maji yale yale ya jagi langu.

"Mama, kunywa."

"Yamelala haya."

"Yaamshe."

Akanywa yote. Akamtolea bilauri tupu, mdogo wangu akamjazia, mama akanywa tena, na ya tatu, mkono wake umemshika mwanawe kifundo cha mkono. Mimi nimesimama mlangoni. Nilimdharau mdogo wangu kuliko siku zote, kwa makosa yake na kwa urahisi wake wa kusamehewa, na bado lazima niandike: yeye ndiye aliyemnywesha. Macho yake yalikuwa mekundu. Labda vumbi la gharbi.

Alipokuwa anaondoka akasema kesho atakwenda Bahla kununua mtungi mpya. Nikamwambia mpya unataka siku kadhaa za kurowekwa kabla ladha ya udongo haijatoka kwenye maji. Akasema atakuja kila jioni mpaka hapo. Tutaona.

Magharibi nimepika wali mweupe, mchuzi wa papa mkavu na bamia. Mama amekula vijiko vinne, akaomba maji. Nimempa mimi, amekunywa nusu.