Kimo Nilichoandika kwenye Fomu

Kiwanda cha ng'ambo kina maswali mengi kuliko mama mkwe. Hilo nililijua mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu Kilungu. Kamati ya maji ya kanisa letu ilinifanya karani kwa sababu Kiingereza changu kilionekana kimenyooka. Stima ilikuwa imefika kwenye kiwanda cha kahawa kule bondeni, nasi tukataka mota na pampu ya kusukuma maji kutoka mtoni hadi tangi letu juu ya kilima. Tuliandikia kiwanda kimoja Uingereza, wakaturudishia fomu ya kurasa nne. Stima yenu ina nguvu gani? Maji yana mchanga? Tangi liko juu ya mto kwa kimo gani?

Swali hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Nilipima kilima kwa kamba ya katani na fito ndefu, nikisaidiwa na mwethya, yaani kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Tulipofika katikati mvua ikatukimbiza, na tuliporudi kesho yake alama zetu zilikuwa zimesombwa na maji. Ningeanza upya kama ningekuwa mtu wa maana. Lakini nilikuwa na haraka na kiburi cha ualimu, basi nikakisia. Nikajaza fomu, nikatia sahihi, nikabandika stempu.

Miezi mingi baadaye sanduku la mbao likashushwa kwenye barabara ya Mombasa. Wanaume walilibeba kwa miti hadi mtoni, akina mama nyuma wakiimba. Mota ilikuwa ya kijivu, nzito, imefungwa pamoja na pampu yake juu ya chuma kimoja. Kwa macho yangu ilipendeza vile vile ilivyokuwa.

Mwethya hawakuona hivyo. Kitu cha kanisa hakiwezi kukaa mtoni bila kupambwa, na rangi ya bluu ya madirisha ya kanisa ilikuwa imebaki. Waliipaka mota na pampu hadi zikang'aa. Fundi wa stima alipokuja kutoka Emali alikuta kila kitu bluu. Akaunganisha nyaya zake tatu, akawasha, mota ikanguruma vizuri, maji yakaanza kupanda bombani. Alikuwa na kazi kwingine, akaaga akisema tusubiri bomba lijae.

Tulisubiri mpaka jua likazama. Maji yalipanda hadi katikati ya kilima yakasimama hapo hapo. Nambari yangu ilikuwa ndogo, na kule ng'ambo wametengeneza pampu sawasawa na uongo wangu.

Mwenyekiti wa kamati, mkulima mpole kwa kawaida, alikasirika kweli.

"Andika, mwalimu," aliniambia. "Waambie mashine yao ni mgonjwa. Waambie sisi si watoto."

Niliandika. Niliwatukana watu wa kiwanda kwa Kiingereza cha heshima, nikijua kwamba mkosaji ni mimi. Barua ilikaa kwenye koti langu siku tatu kwa sababu sikuweza kuipeleka posta wala kusema ukweli. Akina mama waliendelea kushuka mtoni na kupanda na maji mgongoni, kamba ya kubebea ikiwakata kipaji cha uso. Wengi walikilaumu kiwanda. Wachache walianza kuniangalia mimi.

Siku ya nne fundi alirudi kuona kama bomba limejaa. Aliizunguka mota, akainama, akasugua kidole kwenye ile bluu.

"Hii kitu nani alipaka rangi?"

"Ni sisi, fundi," mmoja wa mwethya akajibu. "Tuliona inakaa uchi."

"Hapa kando hakukuwa na alama?"

Wakatazamana. "Kulikuwa na kakaratasi kekundu, kamebandikwa. Kalikuwa kanaharibu rangi, tukakafunika."

Fundi alitoa kisu, akakwangua taratibu mpaka mshale mwekundu ukatokea. Akawasha mota kidogo. Ilikuwa inazunguka kinyume cha mshale.

"Pampu ikienda kinyume inasukuma, lakini haina nguvu," alisema. "Nibadilishe tu hizi waya mbili, hii ikae pahali pa ile."

Hakuchukua hata dakika kumi. Safari hii maji yalipita katikati ya kilima bila kusita, na mtoto wa mchungaji aliyekuwa ametumwa juu akapiga kelele kwamba maji yanaingia tangini. Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilifurahi sana, nikaona aibu pia, maana nambari ya kukisia ilikuwa imetosha na sikustahili.

Barua niliichana vipande vipande. Jioni nikaenda kwa mama, nikamwambia kila kitu: alama zilizosombwa, nambari niliyobuni, siku tatu za kunyamaza.

"Nilidhani ni mimi, mama."

"Hata mimi nilidhani ni wewe," alisema, akiendelea kuchagua maharagwe. "Unafikiri maji ya nyumbani kwako siku hizo yalichotwa na nani? Sikutaka mke wako ashuke mtoni asikie vile wanakusema huko."