Mkalimani wa Baba

Exilda Gagnon alikuwa na miaka thelathini na mmoja na mgongo wa bibi kizee. Alikuwa kifungua mimba wa watoto kumi na mmoja wa Ovide na Délima, na kazi iliyomchosha kuliko kufua na kukama ng'ombe ilikuwa ukalimani wa wazazi wake. Baba alikuwa bubu wa kujitakia. Majira mazima ya theluji aliyamaliza kwa maneno ishirini. Mama naye alikuwa moto wa mabua. Akifoka, wadogo walimkimbilia Exilda. Baba akinyamaza, mama naye alimkimbilia huyo huyo: "Ee, baba yako anasemaje?" Exilda alitazama tu jinsi mzee alivyoshika kiko chake, akamjibu mama.

Tangu mavuno alikuwa na barua mfukoni. Binamu yake aliandika kwamba kazi ipo katika kiwanda cha nguo, kule Lowell, mji wa viwanda ng'ambo ya mpaka. Angemwambia nani? Mama angevunja sahani, baba angetazama dirishani.

Ikafika asubuhi ya Mwaka Mpya. Siku hiyo kifungua mimba hupiga magoti mbele ya baba na kuomba baraka kwa niaba ya wote, na hakuna nyumba pale kijijini inayokula kabla ya hapo. Ndugu kumi walishapiga magoti, pai ya nyama ikinukia. Exilda akabaki amesimama.

"Donat," alimwambia mdogo wake anayemfuata, "omba wewe. Mimi naondoka, nakwenda Lowell kufanya kazi."

"Uende wapi na mgongo huo mbovu?" mama alifoka. "Mkubwa ni wewe! Ovide, unamsikia mwanao? Sema basi, mwanamume wewe!"

Baba akaweka kiko mezani. Akamwendea Exilda na kumwekea kiganja kichwani, yeye kwanza, peke yake.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Umechoka."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akimwona! Exilda alilia bila haya.

Kisha akangoja sahani zivunjike. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, aproni mkononi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo mno.

"Haya, nenda. Lakini nani ataniambia baba yako anasema nini?"

Exilda akamgeukia baba, naye alikuwa ameshachukua kiko chake, anatazama dirishani.