Mtandika vitanda aliyemwalika mama yake likizo kisiwani

Jua limeshapanda, na wageni wa chumba cha mwisho wamekwenda kuogelea. Mwanamke mwenye kitambaa kichwani anakung'uta shuka barazani. Mchanga unaruka, naye anacheka peke yake.

"Hawa wamelala na ufukwe mzima kitandani," anasema.

Wenzake wanamwita Mama Shuka. Ana miaka arobaini na mitatu, na huu ni mwaka wa tisa anatandika vitanda katika nyumba hii ya wageni yenye vyumba sita, kwenye kisiwa kidogo kisicho na gari hata moja. Wageni huvuka kwa boti kutoka mjini kuja kupumzika.

"Wakifika tu, simu haziwatoki mkononi," anasema. "Baadaye wanaanza kuniuliza leo ni siku gani. Hapo najua wamepumzika."

Kazi hiyo imewasomesha mabinti zake wawili tangu mumewe alipofariki. Lakini ilimkosanisha na mama yake mzazi.

"Mama aliposikia nafanya kazi gesti, alinikatia simu. Kwake, gesti ina maana moja tu, na si nzuri. Nikituma salamu, zinaishia kwa kaka."

Mambo yakakaa hivyo kwa miaka. Mwaka jana, wageni walipopungua, mwenye nyumba alimpa likizo na chumba kinachotazama bahari, akae humo na yeyote amtakaye. Mama Shuka alimpigia kaka yake papo hapo: "Mwambie mama aje aone."

Jibu la mama halikukawia: "Nakuja. Nikiona nisichokipenda, tunarudi wote."

Mama alishuka kwenye boti na shuka zake mwenyewe, ndoo na ufagio. Asubuhi alifagia chumba, akafagia baraza, akaanza na la jirani. Binti yake akamnyang'anya ufagio.

"Mama, umekuja kupumzika."

"Kupumzika ndiyo kufanyaje?"

Kesho yake mfanyakazi mwingine aliugua, ikabidi Mama Shuka akatishe likizo asafishe vyumba. Mama alikaa barazani, akiangalia kila mlango anaoingia binti yake. Mgeni mmoja, mwanamume aliyejilaza kitandani mlango ukiwa wazi, akaita: "Dada, ingia tu bwana. Unaogopa nini?"

Mama Shuka anasema hofu yake haikuwa ya mgeni, bali ya mama aliyekuwa anasikiliza. Akajibu kama anavyojibu siku zote.

"Siogopi, kaka. Chumba nakisafisha mgeni akiwa nje. Toka kwanza, uote jua kidogo."

Yule bwana akatoka, viatu mkononi. Alipompita mama, akasema "shikamoo" kwa sauti ndogo. Mama hakuitikia.

Binti alipomaliza kazi, alimkuta mama yake amehamia kwenye kiti kirefu, miguu juu.

"Kumbe unawajibu hivyo?"

"Siku zote, mama."

"Niliambiwa mengi, mwanangu. Ningekuja mapema, ningejionea."

Kisha akafumba macho, akalala fofofo hadi jua lilipopoa.

"Sikuwahi kumwona mama amelala mchana," anasema Mama Shuka, na hapo mikono yake inasimama. "Hata alipokuwa mgonjwa."

Boti ya kurudi ilipofika, mama alituma ujumbe kwa nahodha: atangulie tu. Alikaa wiki nyingine nzima. Alijifunza kuelea majini, binti yake amemshika mkono, gauni limemvimba kama puto, akipiga vigelegele hadi wageni wakampigia makofi.

Sasa Mama Shuka anajenga vyumba viwili kwenye kiwanja alichonunua upande wa pili wa kisiwa. Anataka viwe vya wanawake wa rika la mama yake, waliofua, kupika na kulea maisha yao yote, na ambao hakuna aliyewahi kuwaambia waketi. Kuta zimesimama. Bado paa.

Fundi hamsumbui, anasema. Anayemsumbua ni mama.

"Kila wiki, 'Umeezeka?' Namwambia bado, mama, nivumilie kidogo, halafu vyumba vyenyewe ni viwili tu. Anasema, 'Basi ongeza cha tatu. Nimeshawaambia wenzangu saba, na mizigo wameshafunga.'"